Ulinzi wa Mifupa Uanze Siku Ile Ile

Mzee akiteleza barazani usiku na kuvunjika nyonga, majirani wanaokuja kumpa pole asubuhi huwa na neno moja tu la kueleza yaliyomkuta: uzee. Neno hilo lina heshima yake, na hatuna nia ya kubishana nalo. Lakini ni neno linalofunga mlango wa kuuliza. Likishatamkwa, hapana tena anayetaka kujua kwa nini mfupa ambao miaka michache iliyopita ungestahimili kuanguka kutoka kwenye baiskeli leo umekatika kwa kuteleza hatua moja. Na kwa sehemu isiyo ndogo ya wanaume wanaovunjika namna hiyo, jibu halimo katika hesabu ya miaka yao. Limo katika damu yao, ambamo homoni ya kiume iitwayo testosteroni imepungua, au imekwisha kabisa.

Leo twapenda kulisema jambo hili waziwazi, ingawa twajua kwamba si rahisi kulisemea. Mazungumzo juu ya homoni ya kiume katika jamii yetu yamewekwa mahali pamoja tu, napo ni chumbani. Kwenye kuta za vituo vya mabasi mna matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Sokoni mna mizizi na magome yanayouzwa kwa ahadi hiyo hiyo. Na mwanamume anayehisi kupungukiwa huona haya hata kumwambia daktari. Kwa hiyo homoni hii imekuwa kitu cha fahari au cha aibu, basi. Kwamba ndiyo pia inayousaidia uti wa mgongo usimame, hilo ni wachache waliopata kuambiwa.

Wafugaji wa nchi hii wameliona kwa macho yao tangu zamani. Ndama dume akihasiwa mapema, hukua akawa maksai mwenye miguu mirefu kuliko fahali aliyezaliwa naye mwaka mmoja. Mfugaji hasemi kwamba ni homoni. Husema tu kwamba ndivyo maksai walivyo. Lakini maana yake ni kwamba kile kilichoondolewa kilikuwa na kazi katika mifupa pia, kwani ndicho ambacho kingeiamuru mifupa ya miguu ikome kurefuka na ianze kukomaa. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walichapisha habari za kijana wa miaka 28 mwenye kimo cha sentimita 204, ambaye alikuwa bado anaendelea kurefuka kana kwamba ni mvulana aliyebalehe juzi, na ambaye mifupa yake ilikuwa myepesi mno kwa umri wake. La ajabu ni kwamba testosteroni yake haikuwa na upungufu. Kilichokosekana ni uwezo wa mwili wake kuitikia estrojeni, homoni ambayo sote tumezoea kuiita ya kike.

Kisa hicho kiliwafundisha wataalamu jambo ambalo halikuwa limeeleweka vizuri. Mwili wa mwanamume huchukua sehemu ya testosteroni yake na kuigeuza kuwa estrojeni, na ni estrojeni hiyo, kwa kiasi kikubwa, inayoilinda mifupa yake isiliwe. Mfupa si jiwe. Ni nyumba isiyoisha kukarabatiwa: wako mafundi wanaobomoa sehemu zilizochakaa, na wako wanaofuata nyuma yao wakijenga upya, na kwa kazi hiyo ya kimyakimya mifupa ya mtu mzima hugeuka kuwa mipya kwa muda wa takriban miaka kumi. Estrojeni ndiye msimamizi anayewazuia wabomoaji wasipite kiasi. Testosteroni yenyewe nayo husaidia kuunenepesha mfupa, na zaidi ya hapo hujenga misuli inayoushika. Basi mwanamume akipoteza testosteroni hupoteza ulinzi wote kwa pamoja, kwa kuwa hana chanzo kingine kikubwa cha estrojeni. Wabomoaji wanabaki bila msimamizi. Wanabomoa leo, kesho na keshokutwa, na mwenye nyumba hasikii hata sauti ya nyundo.

Sababu za kupungukiwa ni nyingi, na hatutazimaliza hapa. Yuko aliyeugua matubwitubwi ukubwani yakamshukia korodani. Yuko mwenye uvimbe katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo ndiyo inayozituma korodani kufanya kazi. Wako wanaozaliwa na kromosomu moja ya ziada, hali iliyoelezwa na daktari Harry Klinefelter mwaka 1942, na wengi wao huzeeka bila kuambiwa kwamba wanayo. Ugonjwa wa seli mundu, unene uliopita kiasi, kisukari, na matumizi ya muda mrefu ya dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, vyote hivi vyaweza kuishusha homoni hii. Umri nao huipunguza, lakini polepole, kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Anayetaka kujua hali yake hana budi kupimwa damu asubuhi, na kupimwa mara mbili katika siku mbalimbali, maana homoni hii hupanda alfajiri na kushuka mchana. Kipimo kimoja cha alasiri kimewatia wengi wasiwasi wa bure. Madaktari wa njia ya mkojo wa Marekani wameweka mpaka wa nanogramu 300 katika desilita moja ya damu, na chini ya hapo, pamoja na dalili, ndipo husema kuna upungufu.

Lakini kundi tunalotaka kulisemea hasa ni la wanaume ambao testosteroni yao haikupungua kwa bahati mbaya. Imeondolewa kwa makusudi, tena kwa haki. Hao ni wagonjwa wa saratani ya tezi dume.

Katika Afrika ya Mashariki, hakuna saratani inayowapata wanaume wengi kuliko hiyo. Mwaka 1941 Charles Huggins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba saratani hiyo hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba mgonjwa akiondolewa korodani, au akipewa dawa za kuizima homoni, saratani hunywea na maumivu hupoa. Kwa kazi hiyo Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Baadaye, mwaka 1971, Andrew Schally na wenzake walifumbua muundo wa homoni ya ubongo inayoanzisha mnyororo wote huo, na hapo ndipo zilipozaliwa sindano za leo, kama ile ya goserelini ambayo wengi huijua kwa jina la biashara la Zoladex. Sindano ina gharama, na yataka kurudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Kisu hulipiwa mara moja. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi wa nchi zetu, hasa watokao vijijini, wamechagua kisu au wamechaguliwa kisu, wakarudi nyumbani wakiwa na maisha marefu zaidi na testosteroni iliyo karibu na sifuri kwa siku zao zote zilizobaki.

Hatuna ugomvi na tiba hiyo. Imewapa watoto wengi nafasi ya kuendelea kuwa na baba, na mtu asichukue maneno yetu akaikimbia. Tunalolisema ni kwamba ina deni lake, na deni hilo hulipwa na mifupa. Kasi ya kupungua kwa mifupa ya mwanamume aliye katika tiba hii ni mara kadhaa ya ile ya mzee wa kawaida, na makali yake ni katika mwaka wa kwanza. Taarifa iliyochapishwa Marekani mwaka 2005, ikitokana na kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 50,000, ilionyesha kwamba miongoni mwa walioishi angalau miaka mitano baada ya kugunduliwa, asilimia 19.4 ya waliozimwa homoni walivunjika mfupa, ilhali kwa wasiozimwa ilikuwa asilimia 12.6. Pengine msomaji atasema kwamba hao ni Wamarekani, na kwamba mifupa ya watu weusi, kwa wastani, ni mizito zaidi. Ni kweli, lakini akiba kubwa si kinga kwa mtu anayetoa kila siku bila kuweka.

Na kuvunjika nyonga kwa mwanamume mzee si jambo la kutia bandeji na kungoja. Wanaume hufariki zaidi kuliko wanawake katika mwaka unaofuata kuvunjika huko. Atakayenusurika huenda asitembee tena bila mkongojo, na yule mke ambaye naye amezeeka ndiye atakayembeba kumpeleka msalani.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Siku mgonjwa anapoanzishiwa tiba ya kuzima homoni, iwe kwa sindano au kwa kisu, ndiyo siku ambayo upotevu unaanza. Kwa nini basi ulinzi usianze siku hiyo hiyo? Mgonjwa hurudi kliniki kila baada ya miezi kadhaa, damu yake hupimwa kujua saratani imelala au imeamka, karatasi hujazwa, tarehe ya kurudi huandikwa. Mara nyingi mno mifupa haina safu yake katika karatasi hizo. Huja kukumbukwa siku picha ya eksirei inapotundikwa ukutani ikiwa na mfupa uliokatika.

Mama mjamzito katika nchi hii hupewa kadi. Mtoto mchanga hupewa kadi, uzito wake huandikwa, mstari huchorwa, na mstari ukishuka muuguzi huuliza. Hakuna aliyewahi kudai kwamba kadi hiyo ni anasa. Sisi tunaona kwamba mwanamume anayeondolewa homoni anastahili ukurasa mmoja wa namna hiyo katika jalada lake, ulioandikwa urefu wake, kama amepata kuvunjika mfupa tangu utu uzima, kama wazazi wake walivunjika nyonga, kama anavuta sigara, anakunywa kiasi gani, anatumia dawa gani nyingine, na meno yake yakoje. Hilo la meno tutalieleza. Mashine ya kupima uzito wa mifupa kwa miali ni kipimo kizuri kuliko vyote, na palipo nayo mgonjwa apimwe mwanzoni kabisa. Lakini mashine hizo ni chache katika nchi zetu na ziko katika miji mikubwa. Kukosekana kwake kusiwe kisingizio. Kupima urefu hakuhitaji umeme. Alama ya mkaa juu ya mwimo wa mlango, mzee akiwa amesimama peku na visigino vikigusa ukuta, ikirudiwa kila baada ya miezi sita, yaweza kueleza yale ambayo mgongo umeyaficha. Aliyepungua sentimita nne kutoka urefu wake wa ujana, au anayeanza kupinda, hana budi kupigwa picha ya uti wa mgongo, kwani pingili huweza kubonyea bila mwenyewe kuhisi zaidi ya uchovu wa kiuno.

Zipo dawa nyingine ambazo huongeza mzigo juu ya mzigo, nazo ziandikwe katika ukurasa huo. Prednisoloni na ndugu zake, zikitumiwa kwa miezi mingi, hula mfupa. Na dawa ya abirateroni, inayotolewa kwa baadhi ya wagonjwa hawa, hufuatana na dawa ya jamii hiyo. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, hasa zenye tenofovi ya aina ya kale, nazo hupunguza uzito wa mfupa kidogo. Mtu asiache dawa hata moja kati ya hizo kwa sababu ya kusoma gazeti. Anachotakiwa ni kumwambia daktari wa huku habari za dawa za kule, maana mara nyingi kliniki mbili za hospitali moja hazijuani.

Sasa huenda wapo wanaojiuliza: kama upungufu wa testosteroni ndio kosa, si tuirudishe tu? Kwa mwenye saratani ya tezi dume, kuirudisha ni kuilisha saratani. Asidanganywe na mtu yeyote. Kwa wengine jibu ni gumu kuliko linavyoonekana. Mwaka 2017 majaribio yaliyofanywa kwa wanaume wenye umri wa kuanzia miaka 65 yalionyesha kwamba testosteroni ya kupaka, kwa muda wa mwaka mmoja, iliongeza uzito na uimara wa mifupa. Watu wengi walidhani suala limekwisha. Kisha mwaka 2024 yakachapishwa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la wanaume 5,204 wenye upungufu, wa umri wa kati na wazee, waliofuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Waliopaka testosteroni walivunjika zaidi: asilimia 3.50, dhidi ya asilimia 2.46 ya waliopaka mafuta yasiyo na dawa. Wengi wa waliovunjika walipata ajali au walianguka, na wako wanaokisia kwamba mtu aliyerudishiwa nguvu hujiingiza katika shughuli ambazo mifupa yake haijawa tayari kuzibeba. Lakini hilo ni la kukisia. Lililo wazi ni kwamba homoni peke yake isihesabiwe kuwa dawa ya mifupa. Kijana ambaye tezi yake ya chini ya ubongo imekufa anapaswa kutibiwa kwa testosteroni kwa uangalizi wa daktari, na mifupa yake ikiwa hatarini ipewe tiba yake yenyewe. Ama yale magome ya sokoni, hayana nafasi katika mazungumzo haya.

Tuje kwenye chakula. Mfupa hujengwa kwa madini ya chokaa, yaani kalsiamu, na mwanamume wa kundi hili anahitaji kadiri ya miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Kikombe kikubwa cha maziwa kina kama miligramu 300. Dagaa ni hazina ambayo tunaidharau kwa sababu ni rahisi. Yule samaki mdogo huliwa na mifupa yake yote, na mifupa hiyo ndiyo inayotakiwa. Uji wa wimbi una madini haya kuliko uji wa mahindi kwa mbali sana, na wazee wetu hawakukosea kuwapa wagonjwa na wazazi. Ufuta nao umo. Mchicha ni mboga njema, lakini chokaa yake imeshikwa na asidi iliyomo humo humo, hivyo mwili huambulia kidogo. Usitegemewe peke yake. Kisha yahitajika vitamini D ili chokaa hiyo iingie mwilini, na hiyo ngozi huitengeneza kwa jua. Msomaji atacheka: sisi tukose jua? Lakini mgonjwa anayeshinda ndani mwezi hadi mwezi, amevaa nguo za kumfunika mwili mzima, jua la nje halimfai kitu, tena ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Atolewe nje. Daktari akiona inafaa atampa vidonge, kwa kawaida vipimo 800 kwa siku. Hata hivyo tusijidanganye. Katika majaribio yaliyofanywa kwa wanaume walioondolewa homoni, wale waliopewa chokaa na vitamini D peke yake waliendelea kupoteza mfupa. Chakula ni msingi wa nyumba, lakini msingi si paa.

Mazoezi tunataka kuyakazia zaidi, maana hapa wema wa watoto wetu mara nyingi ndio unaowadhuru wazee. Baba akishatoka hospitali, binti hataki ainue ndoo, kijana humnyang'anya jembe, na kila mtu humwambia, "Pumzika baba." Kiti huwekwa chini ya mwembe, na baba hukaa humo mpaka misuli ya mapaja inyauke. Mfupa hujua kwamba unahitajika kwa njia moja tu, nayo ni kubebeshwa uzito. Usipobebeshwa, huchukulia kwamba kazi imekwisha. Mzee aliyeondolewa homoni tayari anapoteza misuli. Akikalishwa, anapoteza kwa milango miwili. Basi atembee kila siku, tena mwendo wa mtu mwenye safari. Ainuke kitini bila kushika mikono ya kiti, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Asimame kwa mguu mmoja huku ameshika mwimo wa mlango, ajifunze upya kujitawala mwili. Apande ngazi kama zipo. Abebe ndoo iliyojaa nusu, moja kila mkono, mgongo ukiwa umenyooka. Ambaye pingili zake zimekwisha kuanza kubonyea ajihadhari na kitu kimoja: kuinama mbele akiwa na uzito, au kuinama huku anajipinda. Jembe la mpini mfupi kwa mtu huyo ni adui. Apewe la mpini mrefu, au aachiwe kazi za kusimama.

Tumbaku huharakisha ubomoaji. Pombe nayo, ikizidi, hulegeza mfupa na kumwangusha mwenye mfupa, hivyo inamdhuru mara mbili kwa usiku mmoja.

Na usiku ndio wenye hatari. Mwanamume mwenye ugonjwa wa tezi dume huamka mara mbili, tatu, hata nne kwenda kukojoa. Baadhi ya dawa anazopewa ili mkojo upite vizuri, pamoja na zile za shinikizo la damu, humshusha damu ghafla anaposimama, akaona giza. Chumba hakina taa kwa sababu hataki kumwamsha mama. Mkeka umejikunja ukingoni, kandambili zimekwisha soli, na choo kiko ng'ambo ya ua ambako mvua ya jioni imeacha utelezi. Ukimpangia mtu mtego usingeweza kupanga zaidi ya hapo. Na dawa ya mtego huo haiuzwi duka la dawa: kurunzi kando ya mto, chombo cha kukojolea chini ya kitanda bila ya kuoneana haya, kukaa kitako ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kusimama, kuondoa mkeka, kuweka mti wa kushikilia njia ya chooni. Fundi wa kijijini aweza kuuchimbia mti huo kwa nusu siku.

Ziko dawa zenyewe za mifupa, na wanaostahili kuzipata ni wale waliokwisha kuvunjika mfupa, wale ambao kipimo kimeonyesha mifupa imepungua sana, na wale ambao daktari, akikusanya umri wao na mengine yote yaliyoandikwa katika ukurasa ule, ataona wako ukingoni. Kuna vidonge vya alendronati, vinavyomezwa mara moja kwa wiki asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu, na mtu asilale chini kwa nusu saa baada ya kumeza, la sivyo vitamchoma umio. Kuna asidi ya zoledroniki, dripu ambayo kwa ulinzi wa mifupa yaweza kutosha mara moja kwa mwaka, baada ya figo kupimwa. Na kuna denosumabu, sindano ya chini ya ngozi ya kila miezi sita. Hiyo ya mwisho ilijaribiwa kwa wanaume 1,468 walioondolewa homoni, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009: katika miaka mitatu, waliopata pingili mpya zilizovunjika walikuwa asilimia 1.5, ilhali wasiopewa walikuwa asilimia 3.9. Lakini mwenye kuianza denosumabu asiiache kimya kimya kwa kukosa nauli au kwa kuona nafuu, kwani ikikatizwa ubomoaji hurudi kwa ghadhabu na pingili kadhaa huweza kuvunjika kwa mkupuo. Kama fedha ya kuiendeleza haina hakika, ni busara kumwomba daktari dripu tangu mwanzo. Na meno: dripu na sindano hizi, mara chache, husababisha mfupa wa taya kufa baada ya kung'olewa jino. Jino bovu ling'olewe kwanza, kidonda kipone, ndipo dawa ianze.

Asidi ya zoledroniki iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, kwa ajili ya mifupa iliyoshambuliwa na saratani, na watengenezaji wake sasa ni wengi. Kwa hiyo hatuombi muujiza tunaposema kwamba bohari za dawa za serikali na mifuko ya bima ya afya iitazame kama sehemu ya tiba ya saratani ya tezi dume. Gharama ya dripu moja kwa mwaka ipimwe kando ya gharama ya kuunga nyonga moja kwa chuma, pamoja na wiki za kitanda, na ndugu aliyeacha shamba ili amuuguze mzee wodini. Twaamini mwenye kuzipima kwa uaminifu hatakawia kuamua.

Limebaki jambo moja ambalo kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii yapaswa kulijua. Si kila maumivu ya mgongo kwa mtu huyu ni ya mifupa kuwa myepesi. Saratani ya tezi dume hupenda kuhamia katika uti wa mgongo, na huko yaweza kuukandamiza ule ugwe wa neva unaopita katikati. Basi asipelekwe kwanza kwa mkandaji wa kumchua na kumnyoosha. Mikono yenye nguvu juu ya pingili iliyooza huweza kumaliza kilichobaki. Mgonjwa akisema mgongo unamuuma zaidi anapolala, apelekwe akaonwe mapema. Na akisema miguu imekuwa mizito, au haihisi ardhi vizuri, au mkojo umeziba au unamtoka bila hiari yake, hapo mambo si ya siku bali ya saa, kwa kuwa miguu iliyokwisha kupooza ni nadra kurudi. Alazwe chali juu ya ubao au mlango uliong'olewa, abebwe bila kupindwa, na apelekwe hospitali kubwa usiku huo huo, hata kama tarehe yake ya kliniki ni wiki ijayo.